Nusu Siku Takawiri

Ukipanda mwamba wa Manga asubuhi ambayo mvua ya jana imeosha hewa, unaliona ziwa. Usitarajie makubwa. Ni mstari tu, mwembamba, wa rangi ya sufuria mpya, umelala kule magharibi nyuma ya migomba na mabati ya watu. Nikiwa mtoto nilidhani ndio mwisho wa dunia. Magokoro, nyanya yangu mzaa mama, shamba lake liko karibu na mwamba huo, upande wa Nyamira, na kila nilipomwonyesha ule mstari alinijibu neno moja: "Enyancha." Ziwa. Kisha anainamia jembe lake, mazungumzo yameisha.

Sisi watu wa mlimani na maji mengi hatujazoeana. Mvua tunayo karibu kila alasiri. Chemchemi tunazo. Mto Gucha unazaliwa kwenye vilima vyetu, unateremka hadi Migori na kuishia ziwani. Lakini kuogelea? Mara yangu ya mwisho kuzamishwa mwili mzima ilikuwa siku ya ubatizo, na hata hiyo nilifumba macho nikamshika mchungaji mkono kama mwizi aliyeshikwa sokoni.

Kwa hivyo wasee walipoandika kwenye grupu kwamba kuna form ya kwenda kisiwa cha Takawiri, safari ya mashua nusu siku, kuogelea, kula samaki na kurudi, mimi ndiye niliyetuma pesa wa kwanza na nikajuta wa kwanza. Tulichagua Jumapili. Jumamosi kwetu haiguswi. Nilimwambia Magokoro kwa simu kwamba ninaenda ziwani. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Kufanya nini huko?"

Kuogelea, nikasema.

"Watu wetu hawaendi huko kuogelea," akasema, akakata simu.

Niliweka lile jibu mfukoni nikasafiri nalo.

*

Tulitoka Kisii mjini kukiwa bado giza, matatu ikateremka kuelekea Rongo. Barabara hii inakuonyesha jiografia bila mwalimu. Kisii mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mita 1,134. Unashuka zaidi ya nusu kilomita kwenda chini, na kila unaposhuka unavua nguo moja. Migomba inapungua, miwa inaanza, kisha miwa nayo inakata tamaa na unabaki na miti ya miiba na mawe meusi. Tulipofika Homa Bay jaketi langu lilikuwa limekuwa mzigo.

Jambo moja nililojua tayari, kwa sababu nimelisoma na kulisikia vilevile, ni kwamba barabara hii wazee wetu waliipita kinyume. Simulizi za Abagusii zinasema tulitoka upande wa Mlima Elgon, tukateremka hadi ufuoni mwa ziwa, pande za Goye huko Yimbo, tukasogea hadi Kisumu na uwanda wa Kano. Mwanahistoria William Ochieng', ambaye alichapisha kitabu kizima kuhusu Wagusii kabla ya ukoloni mwaka 1974, alizunguka vijijini akizikusanya simulizi hizi kwa wazee. Kutoka Kano watu walipanda hadi Kabianga, na Kabianga ikawaadhibu: baridi ikaharibu nafaka, mifugo ikafa, watoto wakafa. Ndipo wakageuka, wakazunguka, na hatimaye wakaingia kwenye vilima tunavyoviita nyumbani.

Yaani kabla ya kuwa watu wa mlima tulikuwa watu wa ufuo. Tuliliacha ziwa. Haikuwa kwamba hatujawahi kulijua.

Wala hatukuliacha kabisa. Kwa vizazi na vizazi wimbi na mtama wa mlimani ulishuka kwa Waluo, na samaki, mifugo na vyungu vikapanda kwetu. Ukitaka ushahidi wa leo, nenda Daraja Mbili siku ya soko usimame karibu na akina mama wa omena. Wale samaki wadogo wamefika Kisii kwa barabara ileile tuliyokuwa tukiteremka, na lori linalowaleta halirudi bila ndizi.

*

Mbita ni mji wa upepo. Hapo ndipo unapanda mashua. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo, kofia ya sufu kichwani licha ya joto, na alitugawia jaketi za kuelea huku akitutazama mmoja mmoja kama daktari.

"Nani hajui kuogelea?"

Mikono ikainuka sita kati ya nane. Akacheka.

"Mnatoka Kisii," akasema. Hakuwa anauliza.

Mashua ni ya mbao, ndefu, imepakwa rangi tatu na kuandikwa jina la Mungu ubavuni, injini moja nyuma. Tuliondoka tukiwa na Kisiwa cha Rusinga kando yetu. Nahodha alituonyesha upande alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Akatuonyesha pia upande wa mawe ambako Mary Leakey alichimbua fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi mamilioni ya miaka kabla ya yeyote wetu kuanza kugombania ukoo.

Mbele yetu Mfangano ulikuwa unapanda kutoka majini kama mgongo wa ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeshika ubao kwa mikono miwili. Ili nisifikirie kina nikaanza kufikiria meli.

Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwishoni mwa mwaka 1901. Muda mfupi baadaye Waingereza walikuwa na meli za mvuke ziwani, Winifred na Sybil, zilizoletwa vipandevipande na kuunganishwa palepale. Serikali ilipotaka kuja kusini haikupitia milimani. Ilikuja kwa maji. Mwaka 1903 ilifungua kituo Karungu, ufuoni. Kutoka huko ilitutazama juu kwa miaka michache, na mwaka 1905 ikatuma kikosi cha askari dhidi ya Wagusii. Mwaka 1907 ikapanda na kukaa, Getembe, mahali ambapo wazee waliyapa jina Bosongo, yaani pa Wazungu. Ndio mji wa Kisii huo, na mkuu wake wa kwanza aliitwa Northcote.

Januari 1908 kijana wa Kitutu aitwaye Otenyo alimchoma Northcote mkuki. Simulizi zinasema aliyemtia moyo ni Moraa, mwanamke mtabiri na mganga. Northcote alipona, miaka mingi baadaye alikuja kuwa gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni Wagusii: kikosi kikapanda, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa kwa wingi hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni kule London, akaandika kuhoji kama kweli kulikuwa na haja ya kuua watu wasio na kinga kwa kiasi kile. Otenyo aliuawa. Nyumbani tunaambiwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na hadi leo wako wanaodai kirudishwe.

Dini nayo ilikuja kwa maji. Mwaka 1906 Mkanada aitwaye Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, na kuanzisha misheni ya Wasabato. Miaka sita baadaye Usabato ukapanda hadi Nyanchwa, Kisii. Wakatoliki walikuwa wametangulia mwaka mmoja, Nyabururu, 1911. Kwa hivyo ile Jumamosi yetu isiyoguswa, ile iliyotufanya tusafiri Jumapili, ilipita kwenye maji haya kabla ya kufika kwa Magokoro.

Serikali kutoka ziwani. Kanisa kutoka ziwani. Nikaanza kuelewa kwa nini mtu anaweza kukaa juu ya mwamba na kulitazama ziwa bila kutaka kulisogelea.

*

Takawiri ni kisiwa kidogo kati ya Rusinga na Mfangano. Mchanga wake mweupe, ufuo una minazi, na ukipiga picha ukaituma bila maelezo watu watakuuliza umefika Diani saa ngapi. Nahodha aliizima injini, mashua ikateleza hadi kwenye ghuba ndogo yenye maji mafupi yaliyotulia, wazi hadi chini.

"Hapa unasimama," akaniambia. "Ukiona huwezi kuogelea, simama tu."

Huo ndio ushauri bora wa kuogelea niliowahi kupewa.

Niliingia polepole. Magoti, kiuno, kifua. Maji hayakuwa baridi kama nilivyoogopa, wala hayakuwa na chumvi, na hilo lilinishangaza ingawa nilijua. Macho yanaona bahari, ulimi unakataa. Wenzangu walikuwa wanapiga kelele na kumwagiana maji. Mimi nilisimama. Baadaye nikalala chali, jaketi likanibeba, masikio yakazama, na kelele zote zikazimika.

Pale chini ya maji, au tuseme nusu chini, ndipo nilipomkumbuka nyoka.

Mwaka 1913, huko Alego, mtu aitwaye Onyango Dunde alisema nyoka mkubwa mno alitoka ziwani usiku, akammeza na kumtapika akiwa mzima. Nyoka huyo alijiita Mumbo, akasema makao yake ni mawili, ziwa na jua. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: Wazungu watatoweka. Wafuasi wake waache mambo ya kizungu, wachinje mifugo yao, wavae ngozi, wasikate nywele, na wasioge.

Wasioge! Nyoka wa ziwa lote hili, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, anawakataza watu wake kuoga. Nilicheka peke yangu nikanywa maji kidogo.

Lakini wakati ule hakuna aliyecheka kwa muda mrefu. Septemba 1914, vita vya Wazungu vikiwa vimeanza juzi, Wajerumani walivuka mpaka kutoka kusini wakapanda hadi Kisii. Maafisa wa Kiingereza na wamisionari wakakimbia. Fikiria wewe ni Mgusii mwaka huo. Umechomewa nyumba mwaka 1908, unalipa kodi, halafu unaambiwa kuna nyoka ametabiri kwamba watu hawa wataondoka. Na asubuhi moja unaamka, wameondoka kweli.

Tarehe 12 Septemba askari wa KAR, walioletwa kwa meli hadi Kendu Bay na kupanda kwa miguu, walipigana na Wajerumani pale Kisii siku nzima. Kapteni Thorneycroft, aliyewaongoza, akauawa. Jioni pande zote mbili zilikuwa zimechoka. Wajerumani wakarudi walikotoka. Katikati ya vurugu hizo watu wa vijiji vya karibu wakaingia mjini na kwenye misheni, wakabeba walichoweza. Wengi walidhani mambo yameisha.

Hayakuwa yameisha. Waingereza walirudi, na adhabu ikafuata ile ya zamani: nyumba kuchomwa, ng'ombe kuchukuliwa. Kisha vijana wakachukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo hiyo. Mumbo, badala ya kufa, akapanda zaidi mlimani. Watu walioshindwa kwa mkuki mwaka 1905, na 1908, na 1914, waliona kumebaki kungoja, na kungoja kunahitaji mtu wa kukuambia unangoja nini.

Serikali iliwaogopa watu hawa wasiokuwa hata na bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 baadhi ya viongozi wa Mumbo kutoka Ugusii walipelekwa uhamishoni Lamu. Nilikuwa nalijua jambo hilo kama tarehe tu. Nikiwa nimelala juu ya maji ya Takawiri lilinijia upya: watu waliomfuata nyoka wa ziwa walishushwa milimani, wakapelekwa hadi bahari yenyewe, wakavushwa kwa chombo, wakawekwa kwenye kisiwa. Minazi kama hii. Mchanga kama huu. Maji yamewazunguka pande zote, na ya kunywa hayafai.

Nikasimama. Maji yalinifika kifuani tu, lakini nilitoka.

*

Tulikula ngege wa kukaanga na ugali chini ya mnazi. Nahodha akaketi karibu nami.

"Nyinyi Wakisii ni watu wetu," akasema.

Nilidhani anatafuta bakshishi. Kumbe alikuwa anasema kitu anachokiamini. Yeye ni Msuba wa Mfangano. Simulizi zao zinawatoa upande wa Buganda na Busoga, lakini lugha yao ya asili, Kisuba, wataalamu wanaiweka karibu na Kikuria na Kigusii. Ni lugha ya Kibantu katikati ya Waluo, na vizazi kadhaa vya kuoana na kufanya biashara vimewafanya Wasuba wengi waongee Kijaluo nyumbani. Iko redio ya jamii kisiwani, Ekialo Kiona, inayotangaza pia kwa Kisuba ili watoto wakisikie.

"Wewe unakiongea?" nikamuuliza.

"Mama yangu alikiongea. Mimi naelewa. Watoto wangu wanajua salamu." Akachora kitu mchangani kwa kidole. "Na wewe? Kikwenu?"

Akanitajia maneno machache ya Kisuba, ya ng'ombe, ya moto, ya mtu. La ng'ombe nililijua papo hapo. Hata wewe unayesoma hapa ungelijua. Kisha akataka nimpe ya kwetu. Nikatoa matatu, la nne likanikwama. Neno la jiwe la kusagia, chombo ambacho kiko jikoni kwa Magokoro na nimekikalia mara mia. Nilifungua mdomo, likaja la Kiswahili. Nikajaribu tena, likaja la Kiingereza.

Nahodha hakusema lolote. Alinipa kipande cha samaki, upande wa tumbo, penye mafuta.

Kabla ya saa nane upepo ulianza kubadilika, akatuambia tupande. Alasiri ziwa hili huamka vibaya. Wakati wa kuondoka nilijaza chupa ya soda maji ya ufuoni. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kurudi na kitu ambacho hakiko kwenye simu.

*

Wikendi iliyofuata nilipanda Nyamira. Nilimkuta Magokoro nje, akichambua chinsaga kwenye uteo. Nikampa chupa.

"Hii nini?"

"Enyancha."

Aliigeuza mbele ya jua. Maji yalikuwa yametulia, mchanga mweupe umekaa chini kama unga.

"Ni nyeupe," akasema. "Kutoka hapa nimeiona kama chuma siku zote." Mwanamke huyu ana zaidi ya miaka themanini na tano. Amelitazama ziwa kila asubuhi isiyo na ukungu, na hajawahi kuligusa.

Ndipo nikamuuliza kuhusu Mumbo. Nilitaja tu jina, nikitarajia aseme hajui. Aliangalia kwanza mlangoni, kama kwamba kuna mtu ndani. Hakukuwa na mtu ila paka.

"Hilo jina halisemwi hapa," akasema. "Tulikatazwa." Serikali iliupiga marufuku ule mwendo mwaka 1954. Alikuwa msichana. Kanisa nalo lilikuwa limeshaukataza zamani.

Nilinyamaza. Akaendelea kuchambua majani, mabovu huku, mazuri huku.

"Baba ya baba yangu," akasema hatimaye, "nywele zake zilikuwa hadi hapa." Akagusa bega. "Mimi nilikuwa mdogo sana, nikizishika naogopa. Alikuwa akivaa ngozi na alikuwa ananuka, mama alikuwa akituambia tusimkaribie. Kila jioni anakaa pale," akaonyesha mwamba wa Manga kwa kidevu, "anaangalia huko."

"Akingoja nini?"

"Wewe ndiye umesoma. Niambie wewe."

"Alikuwa na umri gani alipokufa?"

"Alikufa mimi nikiwa nimebatizwa tayari. Walimnyoa ndipo wakamzika." Akanyanyua uteo, akaupepeta mara mbili, tatu. "Baba yangu ndiye alimnyoa. Hakutaka watu wa kanisa waone."

Hatukuongea tena juu yake jioni ile. Tulikula, tukaomba, tukalala. Usiku nilikumbuka lile neno la jiwe la kusagia. Lilikuja lenyewe, gizani, nikalisema kwa sauti. Kutoka chumba cha pili Magokoro akaitikia, "Limefanya nini?" Nikamwambia halijafanya kitu, nilikuwa nimelipoteza tu.

Asubuhi chupa ilikuwa mezani, tupu, imeoshwa na kugeuzwa kichwa chini ikauke. Nilimuuliza maji yako wapi.

"Nimemwagia chinsaga," akasema. "Ulitaka niyafanyie nini?"